Chora Unachokiona Kwenye Sinia

Jumamosi, 9 Machi

Kwako mwanafunzi wangu wa zamani,

Usishtuke. Mwandiko huu unaufahamu, ila safari hii wino ni wa bluu. Anwani yako nimepewa na mwenzako wa darasani ambaye sasa ni muuguzi mkuu. Ameniambia ndiwe fundi unayewashonea sare wauguzi wake, na kwamba pindo zako hazifumuki hata zikifuliwa kila siku. Kama barua hii imekukuta na kazi mkononi, iweke kando ya cherehani mpaka upate nafasi. Mimi sijambo, ukiacha magoti.

Wiki iliyopita chuo kilitupeleka kwenye semina ya siku tatu, sisi walimu wa anatomia na fiziolojia. Mada ilikuwa mambo yaliyogunduliwa karibuni kuhusu mwili. Mtoa mada alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa, na kila alipofungua mdomo nilihisi kama ninasomewa mashtaka. Siku ya kwanza ilikuwa zamu ya tezi ya thaimasi. Unakumbuka niliwaambia ni mstaafu wa kifua, ikishamaliza kazi ya utotoni inageuka mafuta? Kumbe mstaafu bado anakwenda kazini, na kuna utafiti kwamba watu wazima waliotolewa tezi hiyo wameonekana kuugua na kufa zaidi ya wenzao. Siku ya pili ilikuwa mishipa ya limfu kwenye tando za ubongo. Nimefundisha miaka ishirini na saba kwamba haipo.

Siku ya tatu akafika kwenye mesenteri, ule utando unaoshikilia utumbo. Akasema vitabu vyetu viliuchora vipande vipande, hapa kimoja, pale kingine, na katikati hakuna kitu. Waliofungua matumbo wakatazama upya wamekuta ni kitu kimoja kinachoendelea tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika, na wapo wanaouhesabu sasa kuwa kiungo kamili chenye hadhi yake kama ini. Wenzangu waliandika. Mimi nilishika kalamu nikashindwa.

Nilimkumbuka mtahiniwa namba ishirini na tatu. Alichora shuka moja lililokunjwakunjwa kama upindo wa sketi, na pembeni akaandika, "Mbeleko ya utumbo, haina mkato." Nilipiga mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, juu ya mchoro wote. Chini yake nikaandika, "Hapa si machinjioni." Halafu, Mungu anisamehe, nikausoma mbele ya darasa, na darasa likacheka, na wewe ukatoka na jina la Mbeleko. Ulipata arobaini na saba, na kufaulu kulianzia hamsini. Mchoro ule ulikuwa na alama tano.

Ninakuomba radhi. Kitabu kilitudanganya sote wawili. Sayansi ndivyo ilivyo, leo inasema hivi na kesho inasema vile, na sisi walimu tunabaki katikati. Lakini nimeona ni haki yako kujua kwamba ulikuwa sahihi.

Aliyekuwa mwalimu wako,
Mzee Wino Mwekundu (nilijua mnaniita hivyo)

*

Jumatano, 20 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na kweli ni ya bluu. Nilidhani unayo nyekundu tu.

Pole kwa magoti. Asante kwa sifa za pindo. Ni kweli ninashona sare za wauguzi, na kila nguo ninayoimaliza ninaivaa kwanza mimi, dakika moja, mbele ya kioo, ili nione mabega yamekaaje. Ni utaratibu wa kazi tu. Mabega ya nguo hayaonekani mezani.

Sasa tuje kwenye radhi yako. Unasema kitabu kilitudanganya sote wawili. Mwamba ngoma huvutia kwake, Mwalimu. Mimi kitabu hakikunidanganya, kwa sababu sikuchora kutoka kwenye kitabu. Kilikuwa kituo namba nne cha mtihani wa vitendo. Kulikuwa na sinia la bati, ndani yake utumbo wa mbuzi, na kikadi kilichoandikwa kwa mkono wako, "Chora unachokiona kwenye sinia, kisha taja sehemu zake." Mwaka mzima kwenye mazoezi tulikuwa tunaletewa ule utando ukiwa vipande, nami nilijua kuna mtu ameukata ili tujifunze sehemu. Siku ile ulikuwa mzima. Nikachora mzima. Wenzangu walikuwa wanatazama dari wakikumbuka ukurasa.

Na hilo jina la mbeleko sikulitunga mimi. Mama yangu alikuwa muosha utumbo machinjioni tangu mimi niko mgongoni mwake. Nikiwa na miaka saba alinishika kidole akakipitisha kwenye ule utando, kuanzia juu mpaka chini, akaniambia, "Hii ndiyo mbeleko. Utumbo ni mtoto msumbufu, ukimwacha bila kumbeba atajifunga mafundo." Sikuwahi kusahau. Hata wewe ungefundishwa hivyo usingesahau.

Nilirudi nyumbani na sanduku langu la bati na barua ya chuo, maana wakati ule aliyeanguka vitendo mwaka wa kwanza hakurudia. Mama akaniuliza nimekosa nini. Nikamwonyesha karatasi yenye maneno yako. Halafu nikamwambia jambo ambalo nimelala nalo miaka kumi na tisa. Nilimwambia, "Ulinifundisha uongo, mama. Ulinipa uchafu wa machinjioni nikaupeleka mbele za watu." Nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka pa kutupia hasira, na wewe ulikuwa mbali.

Hakunijibu. Mama yangu ana ulimi, Mwalimu, hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno pale mtaani, lakini siku ile alinyamaza kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwezi uliofuata aliacha kazi ya machinjioni, kisu akampa mtu. Na lile neno halijatoka tena kinywani mwake. Mtoto wangu wa mwisho ana miezi saba. Mama anapotaka kumbeba huniambia, "Lete kile kitambaa." Majirani wanadhani ni uzee.

Barua yako nimemsomea nusu, ile ya tezi mstaafu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipofika kwenye utando nikakunja karatasi nikasema imeishia hapo. Ningemsomeaje? Ningemwambia alikuwa sahihi, ningelazimika kumwambia na mimi nilikuwa nani.

Nina swali moja. Kadi ilisema unachokiona kwenye sinia. Mimi nilitazama. Wewe ulitazama?

Mbeleko

*

Jumanne, 2 Aprili

Mwanafunzi wangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa makini sana. Nimeumia kusikia habari za mama yako. Mpe salamu zangu za heshima ukiona inafaa.

Nimekuwekea humu ndani nakala ya mchoro mpya tuliopewa semina, ule unaoonyesha utando mzima. Utaona unavyofanana na wako, hata mikunjo. Wako ulikuwa mzuri zaidi upande wa kushoto.

Kuhusu swali lako, ni vizuri tukumbuke kwamba sampuli ya mbuzi na maumbile ya binadamu havilingani kwa kila kitu. Mtihani ulikusudia kupima uelewa wa maumbile ya binadamu kama yalivyokubalika wakati ule, na msahihishaji hufuata mwongozo wa majibu. Mwongozo ulikuwa wangu, lakini nao ulifuata kitabu. Hivyo ukitazama kwa upana, suala la sinia lilikuwa na sura nyingi. Hata hivyo nakiri kwamba kadi ingeweza kuandikwa vizuri zaidi.

Ninastaafu mwezi Juni. Wanasema watanifanyia hafla. Goti la kushoto sasa linanizuia hata ngazi za maabara.

Wako,
Mwalimu

*

Jumatano, 10 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo.

Swali langu lilikuwa na maneno mawili. Umenijibu kwa aya tatu na goti. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba asiyejibu alichoulizwa hapati alama hata akijaza kurasa nne, na kwamba mwanafunzi akianza kuzunguka ujue hajasoma, au amesoma na anaficha.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ninakupa sifuri. Nimeiandika kwa chaki ya cherehani, inafutika. Ukitaka kurudia mtihani, mimi ninaruhusu.

Mbeleko

*

Jumapili, 5 Mei

Binti,

Nilitazama.

Nimekaa wiki tatu na neno hilo moja. Nimeanza barua hii mara sita. Sasa nitaandika mpaka mwisho kabla sijatafuta sababu nyingine ya kwenda kuchemsha chai.

Kila Jumanne asubuhi chuo kilikuwa kinaletewa ndoo ya viungo kutoka machinjioni. Nilipoanza kufundisha, miaka saba kabla yako, niliweka ule utumbo wa mbuzi kwenye sinia nikaona utando ni mmoja. Kitabu kilisema vipande. Mwanafunzi mmoja akauliza mbona haufanani, nami sikuwa na jibu, na mwalimu mgeni asiye na jibu mbele ya darasa anajiona uchi. Wiki iliyofuata nikaandika kikaratasi, nikachora na mistari mitatu, nikampa mhudumu wa maabara ampelekee muosha utumbo: "Tafadhali kata hapa, hapa na hapa, kama mchoro." Kuanzia hapo utando ukaja umekatwa. Nikawa ninafungua kitabu, ninaelekeza sinia, ninawaambia, "Mnaona? Vinakubaliana." Vilikubaliana kwa sababu nilikuwa nimevikubalisha kwa kisu cha mtu mwingine. Miaka ikapita, na mtu akirudia uongo kila Jumanne huacha kuuona.

Siku ya mtihani wenu, sijui kwa nini, yule mama wa utumbo, aliyekuwa akileta ndoo, hakukata. Asubuhi nilipanga vituo kwa haraka, sikuangalia. Mlipotoka nikaanza kusahihisha. Nilipofika kwenye karatasi yako nilipiga mkasi, nikaandika yale maneno, nikajipongeza kwa ucheshi. Kisha kitu kikanisuta. Mchoro wako ulikuwa na mshipa mmoja umepinda mahali ambapo hakuna kitabu kinachoupindisha. Mtu hawezi kuota mshipa kama ule.

Nilikwenda kituo namba nne. Nilitia mkono kwenye sinia nikapitisha kidole kuanzia juu mpaka chini, kama ulivyosema mama yako alikufundisha. Hakikukwama popote. Wanafunzi ishirini na wanane walikuwa wamechora mikato ambayo haikuwepo, nami niliwapa alama. Mmoja alichora kilichokuwepo.

Mtahini wa nje alikuwa aje saa nane. Ningekupa wewe alama zako, ingebidi niwanyang'anye wale wengine, na nieleze kikaratasi changu cha miaka saba, na mchoro ulio kwenye muhtasari wangu ambao wakati ule chuo kilikuwa kinafikiria kuuchapisha. Nilichukua mkasi wa maabara. Nilikata mara tatu. Nikanawa mikono. Mtahini alikuja, akatazama sinia, akatazama mchoro wako, akacheka, akatia sahihi.

Nilijua mlango wa hamsini umekufungia, na nilijua kwa nini. Nikakusomea mbele ya darasa siku ya pili yake ili mimi mwenyewe niamini. Na sikuishia hapo. Nilituma ujumbe machinjioni kwamba yule mama ni mzembe, hafuati maelekezo, chuo hakitachukua tena kwake. Sikuwahi kuonana naye. Alikuwa akija kwa mlango wa nyuma.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi yangu yalizaliwa siku ile ile, nimeyalea nyumbani miaka kumi na tisa, na semina haikuniambia jipya. Iliniambia tu kwamba sasa ninaweza kukuomba radhi bila kusema ukweli. Ndiyo maana nilikuandikia haraka.

Bodi ya chuo nimeiandikia barua yenye mambo haya yote pamoja na habari ya mkasi. Huenda wakafuta hafla. Huenda wakafuta na mengine. Sikuombi kitu. Umeniuliza, nimejibu.

Aliyekuwa mwalimu wako

*

Alhamisi, 16 Mei

Mwalimu,

Leo sina shikamoo. Nitakupa siku nyingine.

Nilisoma barua yako mara tatu, kisha nikafunga duka saa nne asubuhi na sare kumi na mbili hazijatiwa vifungo. Nilitembea mpaka lango la chuo nikarudi. Sijui nilitaka kumfanya nini nani. Ungekuwa umekosea tu, ningeweza. Watu hukosea. Lakini wewe ulinawa mikono.

Jumapili nilimsomea mama barua yote. Nilianza ya kwanza, ile nusu niliyoficha, kisha hii. Nilidhani nitamwona akisimama na kupiga vigelegele kwamba aliijua mbeleko kabla ya wenye semina. Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Nilipofika pale unaposema mama wa utumbo hakukata, mkono wake ulisimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilipofika kwenye neno mzembe, aliinuka akaenda kunawa mikono, na mikono haikuwa na kitu.

Alirudi akaniambia, "Nikiwa tayari utaniandikia barua kwa huyo mwalimu." Nimemsihi aniambie anataka kusema nini, amekataa. Mama yangu hajawahi kuandikia mtu barua. Basi jiandae. Nilikwambia ana ulimi, na nadhani umefufuka.

Kuhusu mimi na wewe, nitakuandikia akishamaliza yeye.

Mbeleko

*

Jumatatu, 20 Mei

Kwa Mwalimu,

Hujambo. Aandikaye ni mwanangu, asemaye ni mimi. Nimemwambia aandike kila neno nisemalo, asinirekebishe na asinitazame.

Mimi ndiye mama wa utumbo.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee.

Mwanangu alipopata nafasi chuoni, nilikwenda kwa yule mhudumu wako wa maabara nikamwomba ndoo ya Jumanne niwe ninaileta mimi. Aliyekuwa anaileta alikuwa mzee, ule mteremko unaoingia chuoni ulikuwa unamshinda, akaniachia na kikaratasi chako. Binti yangu sikumwambia. Wasichana wa chuo wana midomo, na harufu ya utumbo haitoki kwa sabuni moja, nilijua watamcheka. Nilikuwa ninaingia mlango wa nyuma, ninaweka ndoo chini, ninasubiri kidogo kama mtu anayepumzika mgongo. Wakati mwingine alikuwa anapita uani na sare nyeupe na vitabu kifuani. Nikishamwona nilikuwa ninarudi, siku hiyo sihitaji hata chakula.

Kikaratasi nilikifuata. Kata hapa, hapa na hapa. Mara ya kwanza mkono ulikataa, maana nilikuwa nimeosha utumbo miaka ishirini, na kitu kile hakikuumbwa hivyo. Nikasema, wasomi wana sababu zao, mimi ni nani. Nikakata. Nimekata Jumanne zote za mwaka ule. Nilikuwa nikijua mwanangu ataletewa sinia lile, na nilichomfundisha kwa kidole ninakikanusha kwa kisu.

Halafu mhudumu akaniambia Jumanne inayofuata ni mtihani. Siku hiyo nilikaa machinjioni na kisu mkononi mpaka wenzangu wakaniuliza kama ninaumwa. Nikasema, leo sikati. Huyu mtoto anaijua mbeleko tangu akiwa ndani ya mbeleko. Akiiona nzima ataitambua mara moja, hatababaika, atamaliza kabla ya wenzake. Niliiosha maji matatu. Nilichagua mbuzi mchanga ili mishipa ionekane vizuri.

Mwanangu analia. Nimemwambia alie huku akiandika.

Alipokuja nyumbani na sanduku akanionyesha yale maneno mekundu, sikuyaelewa yote, lakini nilielewa. Akaniambia nilimfundisha uongo. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikafikiri. Nikimwambia sikumfundisha uongo, ataniuliza nimejuaje sinia lilikuwaje, na nitalazimika kusema ni mimi niliyeacha kukata, kwamba ningekata kama kila Jumanne angechora vipande kama wenzake, na leo angekuwa chuoni. Nikinyamaza, atabaki anajua mama yake ni mjinga. Nikachagua ujinga. Mama mjinga mtoto humsamehe. Mama aliyemharibia maisha, sikujua kama anasamehewa.

Ile kazi niliacha mwenyewe. Ujumbe wako ulinikuta nimeshampa mtu kisu.

Mwalimu, sikuiandikisha barua hii ili nikulaani. Wewe ulikata mara moja. Mimi nilikata mwaka mzima, na siku niliyoacha kukata ndiyo iliyomwumiza mtoto wangu, kwa hiyo siwezi kuinua kidole nikuelekeze. Nilitaka ujue jambo moja tu kabla hujastaafu na kabla mimi sijafa. Uliwaambia machinjioni kwamba mimi ni mzembe. Sikuwa mzembe.

Ni mimi,
Mama wa utumbo

*

Mwalimu, sasa kalamu ni yangu.

Alipomaliza kusema neno lake la mwisho hapo juu alirudi kwenye mchele wake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata baadaye, hata nilipokwisha kuolewa, hata nilipozaa. Akasema hapakuwa na siku iliyofaa. Nikamuuliza kwa nini hakukata siku ile kama alivyozoea. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo dogo sana.

"Nilitaka upate kwa urahisi."

Nilikuwa nimepanga nikuandikie leo kama nimekusamehe au sijakusamehe, na nilikuwa na maneno makali, nimeyanoa wiki nzima. Itabidi usubiri. Kwenye foleni ya kuomba radhi nyumba hii kuna mtu mbele yako, na mtu huyo ni mimi. Nilimwambia mama yangu kwamba ni mwongo na mchafu, naye akalipokea hilo kama mtu anayepokea mzigo mlangoni, akakaa nao miaka kumi na tisa ili mimi nisione wa kwangu.

Bodi wakikuita, uende. Usizunguke. Waambie pia kwamba mama wa utumbo hakuwa mzembe, liandikwe kwenye kumbukumbu zao, hilo ndilo aliloomba. Na ule mchoro wangu, kama bado upo kwenye mafaili, niletewe. Nataka kumwonyesha mama upande wa kushoto.

Muda mfupi uliopita, kabla sijaifunga bahasha hii, mtoto alilia. Mama aliinuka, akainamisha mgongo, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Nipe mbeleko," akasema.

Nikampa. Alimfunga mtoto, akavuta fundo kifuani, akatoka naye uani. Bado sijamwomba radhi.

Mbeleko